Sungura Aliyemng'ata Binti Yangu, na Ushauri Wangu Uliomharibu

 

Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza swali moja kwa namna tofauti: "Bwana mifugo, sungura wangu amekuwa mkali, kila nikiweka majani ananirukia. Nimfanyeje?" Mara nyingi nimejibu kwa maneno mawili matatu, kisha nikaendelea na habari za kuku na ng'ombe. Leo nataka nijibu kwa kirefu, na ili nijibu vizuri itabidi nisimulie jambo lililotokea nyumbani kwangu ambalo sikupenda lijulikane. Bwana mifugo kushindwa na sungura wa mtoto wake si habari ya kujisifia. Lakini kuna mama mmoja wa kijiji cha jirani aliyepoteza mtaji kwa ushauri wangu, na nikinyamaza, mwingine naye atapotea kwa njia ile ile.

Sungura wa shilingi elfu kumi

Binti yangu alipoingia darasa la nne aliomba sungura. Aliahidi kumkatia majani mwenyewe na kumsafishia banda. Nilifurahi, maana sungura ni mfugo mzuri wa kumfundisha mtoto kazi. Hahitaji eneo kubwa, hali chakula cha binadamu, na samadi yake inakwenda moja kwa moja kwenye mboga.

Siku ya soko nikamkuta kijana anayeuza sungura na kuku pembeni mwa magari. Kwenye boksi moja alikuwa nao sita, wakubwa kwa wadogo, madume kwa majike. Nikamwona jike mmoja mweupe, mzima wa mwili, sikio moja limechanika ncha. Nikauliza bei, akasema elfu kumi. Kwa ukubwa ule bei ilikuwa ndogo mno. Nikamuuliza, "Mbona rahisi, ana tatizo gani?" Akajibu, "Hana tatizo, mzee. Mpole kabisa, mshike uone." Nikamshika, akatulia kama gunia la pamba. Nikalipa, nikaondoka nikijiona nimepata.

Hapo ndipo lilipoanza kosa la kwanza, na wewe unayenunua sokoni ulijue. Sungura ni mnyama anayeliwa na wengi: mbwa, paka, nyoka, ndege wakubwa, na sisi wenyewe. Akiwa mahali pageni penye kelele, anaganda. Hatikisiki na hajitetei, anasubiri hatari ipite. Utulivu wa sungura aliye kwenye boksi la soko ni hofu, wala si upole. Tabia yake ya kweli utaiona akishakaa kwako wiki mbili, akajua hapa ndipo kwake.

Binti yangu akamwita Pamba. Tukampa chumba kimoja kwenye banda la mabanzi nyuma ya jiko. Siku za kwanza alikuwa mtulivu, anakula mashona nguo na matembele mpaka unafurahi. Siku ya 16, jioni, nikasikia mtoto analia. Alikuwa ameingiza mkono kutoa bakuli la pumba. Pamba akanguruma, akampiga kwa miguu ya mbele, kisha akamng'ata chini ya kidole gumba. Meno ya mbele ya sungura ni kama patasi, na jeraha lilikuwa dogo lakini la kina.

Tuliliosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kwa saa. Nakushauri ufanye hivyo hivyo kwa jeraha lolote la mnyama. Kisha tukaenda zahanati akachomwa sindano ya pepopunda. Usidharau jeraha la sungura kwa sababu ni mnyama mdogo, kwani mdomo wake una vijidudu vinavyoweza kuvimbisha mkono mzima.

Tuliporudi, mke wangu aliniangalia akasema, "Wewe si ndiye bwana mifugo? Basi Jumapili huyo tunamla." Sikuwa na la kujibu. Mtoto, mkono umefungwa bandeji, ndiye aliyesema, "Mama, msimchinje. Labda alidhani namwibia."

Nilivyozidisha ukali kwa mikono yangu

Ningemsikiliza mtoto, ningeokoa muda. Badala yake nikafanya kile ambacho wengi wenu mnafanya. Asubuhi nikachukua kijiti, na Pamba aliponirukia nikampiga puani. Alirudi kona, masikio ameyalaza mgongoni, na nikaamini amekoma. Jioni yake alinisubiri. Kabla sijafungua mlango vizuri alikwisha kuruka. Siku ya tatu nikavaa glavu za ngozi. Aling'ang'ania glavu mpaka nikamwinua nayo.

Ukimpiga sungura, hajifunzi kwamba kuuma ni vibaya. Anachojifunza ni kwamba mkono ni adui, na kwamba alikuwa sahihi kuuogopa. Na ukirudisha mkono haraka kila anaporuka, anajifunza kwamba kuruka kunafukuza adui. Kwa hiyo mimi nilimfundisha yote mawili ndani ya siku tatu.

Nilichokiona nilipokaa kimya

Jioni ya siku ya nne nikageuza ndoo, nikaikalia mbele ya banda, nikamtazama bila kumgusa. Nilifanya hivyo jioni tatu mfululizo. Nikushauri nawe, kabla hujachinja wala kuuza sungura mkali, kaa kwenye ndoo kwanza.

Jambo la kwanza nililoliona: alikuwa anasugua kidevu kwenye bakuli, kwenye mlango, kwenye kona za mbao. Chini ya kidevu cha sungura kuna tezi zinazotoa harufu ambayo sisi hatuisikii, lakini sungura wenzake wanaisikia. Anaposugua anaandika jina lake: hiki changu, na hiki changu.

La pili: nilipomtoa kwa kumfungulia mlango atoke mwenyewe, akaruka chini uani, alikuwa mnyama mwingine. Alinusa miguu yangu, akapita katikati ya kuku, akala majani mkononi mwa mtoto. Hakuuma mtu. Aliporudi chumbani na mimi nikaingiza mkono, akanguruma. Ukali wake ulikuwa na mipaka, na mipaka yenyewe ilikuwa ule mlango.

La tatu: asubuhi iliyofuata baada ya kumng'ata mtoto, nilikuwa nimeona manyoya meupe yamerundikwa kona moja pamoja na majani makavu, nikapuuza. Sasa nikaelewa. Alikuwa amejenga kiota. Nikahesabu siku tangu soko, nikadhani ana mimba, kwa sababu kwenye boksi la yule kijana madume na majike walikuwa pamoja. Sungura hubeba mimba siku 31 hivi. Nikasubiri mpaka siku ya 35, hakuzaa.

Ile ilikuwa mimba ya uongo. Jike wa sungura hatoi mayai kwa mzunguko kama ng'ombe. Kitendo cha kupandwa ndicho kinachoyatoa, saa 10 hivi baadaye. Akipandwa na dume asiyefaa, au hata akipandwa na jike mwenzake kama wanavyofanya wakiwa wengi kizimbani, mwili wake unaweza kudhani umeshika mimba. Hali hiyo huchukua siku 16 hadi 18. Mwishoni anang'oa manyoya, anajenga kiota, na anakilinda kwa meno. Binti yangu aliingiza mkono siku ile ile ambayo Pamba aliamini ana watoto wa kulinda.

Kwa nini sungura ana mipaka

Sungura wote tunaowafuga, weupe, weusi, wa nyama na wa mapambo, asili yao ni sungura mwitu wa Ulaya, wa upande wa Hispania. Sungura yule huishi kwenye mashimo ya ardhini kwa makundi, na ndani ya kundi kuna wakubwa na wadogo. Madume hugombea majike. Majike hugombea mahali pa kuzalia, kwa sababu shimo zuri ndilo linaloamua kama watoto watapona.

Porini, aliyeshindwa anakimbia na ugomvi unaisha. Kizimbani hana pa kukimbilia, na mshindi naye anamwona bado yupo, kwa hiyo anaendelea kumpiga. Ndiyo maana sungura wawili wazima kwenye chumba kimoja wanaweza kutoana matumbo usiku mmoja, na madume hung'atana korodani mpaka dume wa mbegu anakuwa hafai tena.

Mgeni aliyemtambua Pamba

Sasa nifike kwenye sehemu iliyo ngumu kwangu.

Wiki kadhaa baadaye, mama mmoja wa kijiji cha jirani alikuja nyumbani kufuata dawa ya matone ya kideri kwa ajili ya kuku wa kikundi chao. Alipita nyuma ya jiko kunawa mikono, akasimama mbele ya banda. Akasema taratibu, "Huyu namfahamu."

Nikamuuliza, "Unamfahamu vipi, mama?"

"Kwa hilo sikio. Nilimfunga dawa mwenyewe."

Miezi mingi kabla, mama huyu alikopa kwenye kikoba akanunua majike wanne na dume mmoja. Majike walikuwa na umri wa miezi miwili na nusu, wa mama mmoja. Nilimtembelea kama kazi yangu ilivyo. Mabanzi yake hayakutosha kutengeneza vyumba vingi, akaniuliza afanyeje. Mimi nikiwa na haraka ya kuwahi mkutano wa kata, nikamwambia, "Hao ni ndugu, wamekua pamoja, waweke chumba kimoja kikubwa. Watenganishe watakapokaribia kuzaa." Nikapanda pikipiki, nikaondoka. Sikurudi.

Walipofika miezi mitano wakaanza kukimbizana. Mama akadhani wanacheza. Mmoja akapasuliwa jicho. Mwingine akararuliwa tumbo, akafa baada ya siku mbili. Wa tatu alipandwa akazaa humo humo, wenzake wakiwa ndani, na hakuna mtoto aliyepona. Wa nne, huyu mweupe mwenye sikio lililochanika, ndiye aliyekuwa akipiga wenzake wote, na mwishowe akawa anamrukia hata mama mwenyewe. Akamuuza kwa mchuuzi kwa bei ya hasara. Mkopo wa kikoba aliulipa kwa mahindi ya chakula.

Nilimuuliza kwa nini hakuja kuniambia. Akajibu, "Bwana mifugo, wewe ulisema watatenganishwa wakikaribia kuzaa. Nikaona labda mimi ndiye niliyekosea kuhesabu."

Ndugu msomaji, niliona aibu kuliko siku ile ya mke wangu. Mama huyu alikuwa amenisalimia sokoni mara nyingi kwa heshima zote, na kila mara alikuwa amebeba kosa langu akidhani ni lake. Nikamwambia wazi, "Mama, hukukosea. Mimi ndiye niliyekuelekeza vibaya. Majike wazima hawakai chumba kimoja, hata wawe pacha." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi sasa nimejua." Akachukua dawa yake, akaondoka.

Jumamosi ile nikapeleka mabanzi, mirunda miwili na kilo moja ya misumari, tukajenga vyumba vitatu kwake, mimi na kijana wake. Sikulipa deni lote, najua. Kuhusu sungura wapya, mama aliweka sharti moja: "Kabla sijanunua, utakuja uone kwanza. Na ukiona, usiwe na haraka." Sharti hilo nimelifanya la kazi yangu yote.

Tulivyomtuliza Pamba

Tulibadilisha mambo machache, na mengi hayakugharimu hata senti.

1. Tulikagua maumivu kwanza. Sungura anayeumwa huuma. Angalia ndani ya masikio kama kuna magamba mazito ya kahawia, dalili ya utitiri. Angalia nyayo za nyuma kama zina vidonda, hasa kama sakafu ni wavu mtupu. Pitisha mkono tumboni na kwenye chuchu kutafuta uvimbe au jipu. Pamba alikuwa na kidonda kwenye unyayo. Tukaweka ubao kwenye nusu ya sakafu, kikapona.

2. Tuliacha kuingiza mkono kwenye eneo lake bila sababu. Bakuli likahamishiwa karibu na mlango. Majani tukayafunga fungu na kuyaning'iniza, ili tuyabadilishe kwa kusimama nje.

3. Usafi tulifanya akiwa nje. Tunafungua mlango, anatoka mwenyewe, tunafagia, anarudi. Na hatufuti kila kitu kwa siku moja. Ukiondoa harufu yake yote, ataanza upya kuweka alama kwa mkojo na kulinda kwa hasira. Acha konzi ya kinyesi kwenye kona yake ya choo.

4. Tulimpa mahali pa kujificha, boksi la mbao lenye mlango mmoja. Akiwa na pa kukimbilia, hana haja ya kupigana. Akiwa ndani ya boksi, hakuna anayemgusa. Hiyo ni sheria ya nyumba.

5. Tulibadilisha mkono unavyokuja. Macho ya sungura yako pembeni, anaona karibu pande zote, lakini hapo mbele ya pua na chini ya kidevu haoni. Mkono unaoingia moja kwa moja usoni unamtokea ghafla. Ongea kwanza, kisha mguse juu ya kichwa ukitokea ubavuni.

6. Hatukumwinua isipokuwa kwa lazima. Na ukimwinua, usimkamate masikio kamwe. Shika ngozi ya mabega kwa mkono mmoja, na mkono mwingine ubebe makalio. Sungura akirusha miguu ya nyuma bila kushikiliwa anaweza kuvunja uti wa mgongo wake mwenyewe.

7. Aliporuka, hatukurudisha mkono kwa ghafla wala kumpiga. Tulitumia kipande cha ubao kama ngao, tukakishikilia palepale, akapiga mara mbili tatu akaona haisaidii. Kazi hiyo niliifanya mimi. Mtoto hakuruhusiwa.

8. Saa ya kula ikawa moja, asubuhi na jioni, na anayeleta majani ni mtu yule yule.

Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika. Wiki ya tatu aliacha kunguruma nikifungua mlango. Baada ya miezi miwili binti yangu alikuwa anamkuna kichwa akiwa ndani ya chumba chake. Lakini nisikudanganye: akijenga kiota, bado hatumsogelei, na hatutarajii vinginevyo.

Jifunze pia kusoma dalili kabla ya meno. Masikio yakilazwa nyuma kabisa, mkia ukiinuliwa, mwili ukikazwa, na sauti ya kukoroma ikitoka, ondoka. Akigonga sakafu kwa mguu wa nyuma, ameogopa kitu. Tazama kama kuna nyoka au mbwa kabla hujamlaumu.

Kwa anayefuga kwa ajili ya kipato

Yafuatayo ndiyo niliyopaswa kumwambia yule mama siku ile, kabla ya kupanda pikipiki.

Watenganishe madume na majike kabla hawajatimiza miezi mitatu. Madume kila mmoja apate chumba chake, na kati ya chumba na chumba weka ubao badala ya wavu, maana watang'atana pua na kurushiana mkojo. Jike mzima naye apate chumba chake. Chumba chenye urefu wa sentimita 90, upana wa 60 na kimo cha 45 kinamfaa jike wa ukubwa wa kati. Kama mbao hazitoshi, punguza sungura. Majike wawili wanaozaa salama watakupa kipato kuliko wanne wanaopigana.

Wakati wa kupandisha, jike ndiye anayepelekwa kwa dume. Usimpeleke dume kwa jike, maana umemwingiza kwenye nyumba ya mwenye nyumba. Kaa hapo hapo utazame. Dume akimaliza huanguka ubavu, pengine kwa mlio. Mtoe jike umrudishe kwake. Jike akikataa na kuanza kuuma, mtoe, ujaribu kesho. Tazama sehemu yake ya uzazi: ikiwa imevimba na ni nyekundu, yuko tayari. Ikiwa imepauka, unalazimisha ugomvi.

Siku ya 28 weka sanduku la kuzalia lenye nyasi kavu. Maji yasikatike, kwa sababu jike mwenye kiu na aliyesumbuliwa anaweza kuua watoto wake. Zuia mbwa, watoto na wageni wa kuja kushangaa. Ukikagua watoto, fanya akiwa anakula, haraka, na sugua mikono yako kwenye majani yake kwanza.

Na kwa anayetaka wawili wakae pamoja kama wanyama wa nyumbani tu, njia ya uhakika zaidi ni dume aliyehasiwa pamoja na jike. Kuhasi ni kazi ya daktari wa mifugo, wala si ya wembe na jirani. Akishahasiwa, mtenge na majike wiki sita, kwa sababu mbegu zilizobaki bado zinaweza kutia mimba, na ukali wa damu nao hupungua polepole. Kuwakutanisha, tumia mahali ambapo hakuna mwenyeji, kama uani pasipo na alama ya yeyote, kwa dakika 15, kukiwa na rundo la majani katikati. Rudia siku nyingi. Wakianza kuzungukana na kung'oana manyoya, watenge kwa ubao, wala usiingize mkono.

Kwa mchuuzi

Ndugu yangu mchuuzi, yule kijana aliyeniuzia Pamba nilimrudia. Sikumgombeza, maana naye hakuambiwa. Lakini tulikubaliana mambo matatu ambayo nakuomba nawe uyachukue. Uliza anakotoka sungura na kwa nini anauzwa, kisha umwambie mnunuzi ukweli. Sungura mkali ana mnunuzi wake, mtu wa nyama, na usimpe mtoto wa shule. Beba madume na majike kwenye maboksi tofauti, na madume wakubwa kila mmoja peke yake. Mteja aliyepata sungura aliyejeruhiwa au mwenye mimba asiyoijua harudi kwako, na atawaambia wenzake.

Wakishajeruhiana

Mtenge aliyejeruhiwa. Chemsha maji nusu lita, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaache yapoe, kisha osha jeraha. Nyoa manyoya yaliyo pembeni ya jeraha na zuia nzi, maana funza huingia siku hiyo hiyo. Meno ya sungura huacha tundu dogo nje na usaha ndani, kwa hiyo likague jeraha kila siku kwa wiki mbili.

Na hili liandike ukutani: usimnyweshe sungura unga wa vidonge vya amoksilini au penisilini. Dawa hizo zikipita mdomoni huua vijidudu vizuri vya tumboni mwake, akaharisha akafa, na wewe ukadhani ni jeraha. Dawa ya sungura ichaguliwe na daktari wa mifugo.

Kuna wakati wa kuacha pia. Jike anayeua watoto mara mbili mfululizo akiwa na maji, sanduku na utulivu, au sungura anayeendelea kujeruhi watu baada ya miezi mitatu ya matunzo mazuri, hafai kwa mbegu wala kwa mtoto. Huyo ni wa sufuria, na si dhambi. Ila uwe na hakika kwamba umeondoa makosa yako kwanza.

Pamba yuko hapa mpaka leo. Tulimpandisha akazaa sita, akawalea wote. Watoto walipofika miezi mitatu, binti yangu alichagua majike wawili, akasema ni wa yule mama. Nilikwenda naye kuwapeleka. Mama alitutangulia bandani, akatuonyesha vyumba vitatu, vimefagiliwa, kila kimoja na bakuli lake. Akamwambia binti yangu, "Mwanangu, hapa kila mtu na chumba chake."

Niliwaweka mmoja huku, mmoja kule. Nikakaa pale mpaka jua likazama, ingawa mkutano wa kata ulikuwa unanisubiri.

Kama una sungura mkali, mwone afisa mifugo wa kata yako, umwombe aje bandani. Na akija ana haraka, mpe ndoo akalie.